Kanuni za Kura na Watoto wa Wengine: Historia ya Bodi ya Shule ya Ferguson-Florissant

Kaskazini mwa jiji la St. Louis, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, kuna wilaya ya shule iitwayo Ferguson-Florissant. Inahudumia miji midogo 11 au sehemu zake, na katikati ya miaka ya 2010 ilikuwa na wanafunzi wapatao 11,000, karibu wanne katika kila watano wakiwa Weusi. Mwishoni mwa mwaka 2013 bodi iliyoziendesha shule hizo, yenye wajumbe saba waliochaguliwa kwa kura, haikuwa na Mmarekani Mweusi hata mmoja. Wala si kwamba mtu alifukuzwa kituoni. Kura zilipigwa kwa amani, zikahesabiwa mchana kweupe, washindi wakatangazwa. Ilikuwaje basi uchaguzi usio na doa la wizi uzae bodi ya namna hiyo, mwaka baada ya mwaka? Wengi hujibu kwa neno moja, ubaguzi, na ubaguzi kweli ulikuwapo, tena wa kutisha, kama tutakavyoona. Lakini jibu hilo pekee halitoshi. Ninachodai ni kwamba kanuni za uchaguzi zenyewe, yaani siku ya kupiga kura, mipaka ya wapiga kura na namna ya kuhesabu, zilitungwa zamani kwa nia ya kuzikinga shule na siasa, kisha zikaja kuwapa watu wa tabaka fulani usukani wa kuwaamulia watoto wa wengine.

Msomaji aliyezoea kamati ya shule ya Tanzania au bodi ya usimamizi ya Kenya inabidi aiweke kando picha hiyo. Kwetu walimu wa umma huajiriwa na serikali, mitaala hutoka makao makuu, na kamati hushughulika na madarasa, madawati na chakula cha mchana. Nchini Marekani bodi ya wilaya ya shule ni serikali ndogo inayojitegemea. Huajiri na kumfukuza mkurugenzi wa shule, hupitisha bajeti, huchora mipaka ya nani asome wapi, na sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na kodi ya ardhi na majengo ya eneo lake. Huko Missouri wajumbe wa bodi hawalipwi mshahara. Pamoja na hayo, mikononi mwao hupita mamilioni ya dola na hatima ya maelfu ya watoto.

Kabla ya 1900: Shule mali ya kijiji

Desturi hii ilianzia New England, kaskazini-mashariki mwa nchi, ambako sheria ya Massachusetts ya mwaka 1647 iliilazimisha miji kuweka walimu. Kwa muda mrefu mambo ya shule yaliamuliwa katika mkutano wa mji pamoja na mambo ya barabara na mifugo. Mwaka 1826 Massachusetts iliagiza kila mji uchague kamati ya pekee ya shule, na hapo uongozi wa elimu ukatenganishwa rasmi na uongozi wa mambo mengine. Utengano huo ulizaa jambo ambalo watu wengi hawalijui: kwa kuwa shule zilihesabiwa kuwa jambo la malezi, uchaguzi wa shule ulikuwa mojawapo ya milango ya kwanza ya wanawake wa Marekani kuingia kwenye kura. Kentucky iliwaruhusu wajane wenye mali kupiga kura za shule mwaka 1838, na Kansas ilipoingia katika muungano mwaka 1861 wanawake wake walikuwa na haki hiyo tayari, karibu miaka 60 kabla ya katiba ya nchi kuwapa kura kamili. Kwa hiyo uchaguzi wa shule haukuwahi kuwa jambo dogo la pembeni. Tangu mwanzo ulikuwa uwanja wa kuamua ni nani ahesabiwe kuwa raia.

Upande wa Wamarekani Weusi wa Missouri mlango huo ulipigwa kufuli. Mwaka 1847, miaka 18 kabla ya utumwa kukomeshwa, jimbo hilo lilipitisha sheria ya kukataza kuwafundisha Weusi kusoma na kuandika. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe katiba ya mwaka 1875 iliamuru watoto Weusi wasome katika shule zao peke yao, na amri hiyo ikabaki katika maandishi ya katiba ya jimbo hadi mwaka 1976, ingawa nguvu yake ilikwishavunjwa na Mahakama ya Juu mwaka 1954.

1896 hadi 1940: Wanamageuzi na tiba yao

Mwisho wa karne ya 19 miji mikubwa ya Marekani ilijaa wahamiaji, na bodi za shule zilichaguliwa kata kwa kata. Bodi zilikuwa kubwa na zenye kelele, na nyingine zilinuka rushwa: nafasi za ualimu ziliuzwa, zabuni za makaa ya mawe zikapewa ndugu na marafiki. Haya hayakuwa maneno ya kusingizia. Wafanyabiashara, wanasheria na marais wa vyuo vikuu wakajitokeza na tiba. New York ilifuta wadhamini wa shule wa kata mwaka 1896. Mwaka uliofuata bunge la Missouri liliipa St. Louis mfumo mpya: bodi ya watu 12, kila mmoja akichaguliwa na wapiga kura wa jiji zima. Vyama vya siasa viliondolewa kwenye karatasi za kura za shule katika sehemu nyingi za nchi, na siku ya uchaguzi ikatengwa mbali na ule wa rais na wabunge. Huko Missouri uchaguzi wa shule na wa miji hufanyika Aprili, Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza.

Tiba hiyo iliponya ugonjwa mmoja na kuacha mwingine. Uchafu wa kata ulipungua, na shule za miji kadhaa zikapata usimamizi wa kitaalamu. Lakini mgombea asiye na fedha aliyejulikana na watu wa mtaa wake tu hakuweza tena kushinda, maana sasa alitakiwa kujulikana jiji zima. Scott Nearing alipochunguza wajumbe wa bodi za miji mwaka 1917, na George Counts alipofanya hivyo kwa upana zaidi mwaka 1927, wote wawili waliona jambo lile lile: viti vimekaliwa na wenye biashara na wenye taaluma, huku vibarua na mafundi wakiwa wachache mno. Wanamageuzi wenyewe hawakulificha hilo. Waliamini watu hao ndio waliofaa kuongoza. Kanuni zao zilisambaa pia nje ya miji mikubwa, wakati wilaya ndogo za vijijini zikiunganishwa moja baada ya nyingine. Kutoka wilaya zipatazo 117,000 mwaka 1940, leo Marekani imebakiwa na 13,000 hivi. Vitongoji vilivyochipuka kuzunguka miji mikubwa vilizikuta kanuni hizo zimeshawekwa, vikazipokea bila kuuliza.

1937 hadi 1975: Kinloch, Berkeley na mnyororo barabarani

Kinloch ulikuwa mji wa Weusi. Ulipata hati yake mwaka 1948, nao ni mji wa Weusi wa kwanza kuandikishwa rasmi katika Missouri. Miaka 11 kabla ya hapo, mwaka 1937, majirani Weupe waliokuwa katika wilaya moja ya shule pamoja na watu wa Kinloch walijitenga na kuunda mji wa Berkeley na wilaya yao wenyewe ya shule. Kujitenga huko kuna maana nzito ukikumbuka kodi ya majengo. Kinloch iliachwa na eneo dogo lisilo na viwanda wala maduka makubwa, na shule zake zikalishwa na nyumba za maskini peke yake. Watoto hawakunyimwa shule kwa sheria. Walinyimwa msingi wa kuitegemeza.

Upande wa pili ulikuwapo Ferguson, mji wa Weupe. Kwa miaka mingi barabara kuu kati ya Ferguson na Kinloch ilizibwa kwa mnyororo na vifusi vya ujenzi, na njia ya pili iliachwa wazi mchana ili yaya na wafanyakazi wa ndani kutoka Kinloch wawahi kazini, kisha warudi kwao kabla ya usiku. Kizuizi kile kilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Wakati huo mikataba ya kuuziana nyumba iliyokataza mnunuzi Mweusi ilikwishapoteza nguvu mahakamani, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer ya mwaka 1948, kesi iliyoanzia St. Louis yenyewe. Lakini benki, madalali na halmashauri za miji walijua njia nyingine za kufikia lengo lile lile.

Jimbo nalo lilijua hali ya Kinloch. Tume ya Spainhower ilipendekeza mwishoni mwa miaka ya 1960 wilaya za shule za Missouri zipangwe upya, na bunge la jimbo halikutekeleza. Wizara ya Sheria ya Marekani ikafungua kesi mwaka 1971. Mwaka 1975 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilithibitisha amri ya kuunganisha wilaya tatu, Kinloch, Berkeley na Ferguson-Florissant, kuwa moja. Kwa watoto wa Kinloch huo ulikuwa ushindi wa kweli: sasa walikuwa sehemu ya wilaya yenye fedha. Kwa wazazi wao ushindi ulikuja na hasara. Kinloch ilikuwa na bodi yake, ndogo na maskini, lakini iliyochaguliwa na watu wake. Ndani ya wilaya mpya wakawa wachache kati ya wapiga kura wengi Weupe, na viti vyote vilipigiwa kura na wilaya nzima. Mji wenyewe ukaendelea kuyeyuka, kwa kuwa nyumba nyingi zilinunuliwa na kubomolewa kwa sababu ya uwanja wa ndege wa Lambert. Watu zaidi ya 6,000 waliohesabiwa mwaka 1960 walibaki 298 tu katika sensa ya 2010.

1975 hadi 2013: Darasa na daftari la wapiga kura vyaachana

Kisha sura ya eneo ikabadilika kwa kasi ambayo wachache waliitarajia. Katika mji wa Ferguson Weusi walikuwa kama asilimia 1 mwaka 1970, 14 mwaka 1980, 25 mwaka 1990, 52 mwaka 2000 na 67 mwaka 2010. Familia changa za Weusi zilitoka jijini kutafuta shule bora na nyua za kuchezea watoto, ndoto ile ile iliyowavuta Weupe vitongojini miaka 30 kabla yao. Weupe wengi walihama. Waliobaki kwa kawaida walikuwa wazee, wenye nyumba walizokwisha kuzilipia, na watoto wao walikuwa wamemaliza shule zamani. Hivyo kufikia 2010 wilaya ya Ferguson-Florissant ilikuwa na pande mbili zisizolingana: kati ya wakazi wenye umri wa kupiga kura, Weusi na Weupe walikaribiana kwa idadi, lakini madarasani karibu asilimia 80 ya watoto walikuwa Weusi.

Hapo ndipo kanuni za wanamageuzi zilipoonyesha makali yake. Mzazi aliyepanga nyumba na kuhama kila mkataba unapokwisha ni rahisi kukosekana katika daftari la mtaa anaoishi. Mfanyakazi wa zamu asiye na gari hufanya juhudi ya kufika kituoni Novemba, anapochaguliwa rais. Aprili, kwa ajili ya viti viwili vya bodi visivyotangazwa na televisheni yoyote, wengi hawaendi. Mstaafu mwenye nyumba huenda, kwa sababu karatasi hiyo hiyo inaweza kumuuliza kuhusu kodi ya nyumba yake. Silaumu mstaafu huyo hata kidogo. Anafanya wajibu wa raia. Nailaumu kalenda inayompa yeye uzito wa watu wawili.

Kanuni ya pili ilikuwa ya hesabu. Wajumbe saba walichaguliwa kwa miaka mitatu mitatu kwa zamu, viti viwili au vitatu kila mwaka. Mpiga kura alikuwa na kura nyingi kadiri ya viti, lakini hakuruhusiwa kumpa mgombea mmoja zaidi ya kura moja. Kundi lenye wingi mdogo tu, likipiga kura kwa mshikamano, liliweza kuchukua viti vyote vya mwaka huo, na mwaka uliofuata likarudia. Wagombea Weusi walijitokeza tena na tena, na mara nyingi walianguka.

Novemba 2013 hadi Aprili 2014: Bodi yamsimamisha mkurugenzi

Art McCoy alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa mkurugenzi wa shule za wilaya hiyo. Novemba 2013 bodi ilimsimamisha kazi bila kuwaeleza wazazi sababu zilizowaridhisha. Mikutano ya bodi, ambayo kwa kawaida viti vyake huwa vitupu, ilifurika watu. Machi 2014 McCoy alijiuzulu. Iwapo bodi ilikuwa na sababu nzuri au mbaya, hilo haliwezi kuamuliwa hapa, wala si kiini cha jambo. Kiini ni kwamba wazazi wa walio wengi madarasani waliona uamuzi mkubwa ukifanyika katika chumba ambamo hawakuwa na mtu wao. Katika uchaguzi wa Aprili 2014 wagombea watatu Weusi walisimama kuwania viti vitatu. Pamoja na hasira yote ile na uhamasishaji wote ule, alipita mmoja.

Miezi minne baadaye, tarehe 9 Agosti 2014, askari polisi wa Ferguson alimpiga risasi na kumuua kijana Michael Brown, na dunia nzima ikajifunza jina la mji huo. Brown hakusoma katika wilaya hii. Alihitimu Normandy, wilaya jirani ambayo ilikuwa imepoteza ithibati yake Januari 2013. Lakini waandishi wa habari walipoanza kuuliza ni nani anatawala Ferguson, waliikuta picha ile ile ya bodi ya shule: katika baraza la mji wenye theluthi mbili za Weusi, diwani Mweusi alikuwa mmoja kati ya sita.

Desemba 2014 hadi Januari 2019: Kesi

Desemba 2014 tawi la Missouri la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, pamoja na wakazi kadhaa, wakitetewa na wanasheria wa ACLU, shirika la kutetea haki za raia, waliishtaki wilaya. Silaha yao ilikuwa kifungu cha 2 cha Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965, kinachokataza ubaguzi wa rangi katika kura. Kifungu hicho kina historia yake. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu, katika kesi kutoka mji wa Mobile, Alabama, ilitaka mlalamikaji athibitishe nia ya kubagua. Bunge la Marekani likajibu mwaka 1982 kwa kurekebisha sheria ili matokeo yatazamwe bila kulazimika kuthibitisha nia, na mwaka 1986 kesi ya Thornburg dhidi ya Gingles ikaweka vipimo. Bila marekebisho yale kesi ya Ferguson-Florissant ingekufa mapema, kwa sababu walioweka uchaguzi wa wilaya nzima huko Missouri hawakuwa wakiifikiria Ferguson ya mwaka 2014.

Wilaya ilijitetea kwa hoja ambayo haifai kudharauliwa. Weusi wanaongezeka, ilisema, na karibu watakuwa wengi kabisa. Mahakama zikiingilia sasa zitatibu ugonjwa unaopona wenyewe. Jaji Rodney Sippel alisikiliza kesi Januari 2016, na tarehe 22 Agosti 2016 akatoa hukumu: mfumo ulikiuka kifungu cha 2. Alichokitazama ni hali ilivyokuwa, pamoja na athari za ubaguzi wa miaka mingi katika makazi, ajira na elimu zilizoendelea kuwapunguzia Weusi uwezo wa kushiriki sawa. Nami naongeza jambo lililo wazi kwa mzazi yeyote: mtoto aliyeanza shule akiwa na miaka mitano huhitimu akiwa na 18. Sensa inayomwahidi haki baada ya muongo mmoja au miwili haimfai kitu.

Novemba 2016 jaji aliagiza utaratibu wa kulimbikiza kura. Inafaa tuuone ukifanya kazi. Chukua uchaguzi wa viti vitatu wenye wapiga kura 10,000. Watu 2,600 wanamtaka mgombea mmoja. 7,400 waliobaki wana wagombea wao watatu. Kwa kanuni ya zamani mgombea wa kundi dogo alipata kura 2,600 na wale watatu 7,400 kila mmoja, mchezo ukaisha. Kwa kanuni mpya kila mpiga kura ana kura tatu na anaweza kumpa mtu mmoja zote. Wale 2,600 wanampa wao kura 7,800. Kundi kubwa lina kura 22,200, na likizigawa kwa watatu ni 7,400 kwa kila mmoja. Kundi dogo linapata kiti kimoja, kundi kubwa linapata viwili. Hakuna aliyeibiwa.

Wapo waliosema huku ni kuwagawa watu kwa rangi, na wengine kwamba kunavunja kanuni ya mtu mmoja kura moja. Hoja ya kwanza ingekuwa na uzito kama mahakama ingechora majimbo kwa kufuata rangi. Kulimbikiza kura hakuchori mpaka wowote: wazazi wa watoto wenye ulemavu, watu wa Berkeley wanaohofia shule yao kufungwa, wastaafu wanaopinga kodi, wote wanaweza kuitumia njia hiyo kadiri ya idadi na mshikamano wao. Hoja ya pili inasahau kwamba hata zamani kila mtu alikuwa na kura mbili au tatu. Kilichobadilika ni uhuru wa kuzipanga. Ipo hoja ya tatu iliyo nzito zaidi, kwamba rangi ya wajumbe haifundishi mtoto hesabu. Ni kweli. Bodi haiponyi umaskini wala haileti viwanda Kinloch. Lakini bodi ndiyo inayoamua mwalimu gani aajiriwe, mkurugenzi gani asimamishwe na shule ya mtaa gani ifungwe, na katika maamuzi hayo mzazi anastahili kuwa na mtu wa kumuuliza ambaye kura yake ilimsaidia kukaa pale.

Wilaya ilikata rufaa. Tarehe 3 Julai 2018 mahakama ya rufaa, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu wake Lavenski Smith, ilimuunga mkono Sippel. Januari 2019 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza kesi, na Aprili mwaka huo wapiga kura wa Ferguson-Florissant wakalimbikiza kura zao kwa mara ya kwanza.

Kazi iliyobaki

Hukumu hiyo ilirekebisha hesabu, haikuhamisha siku. Tarehe ya Aprili imewekwa na sheria ya jimbo, nayo si ya Ferguson-Florissant peke yake; inagusa mamia ya wilaya za shule za Missouri ambazo hazijawahi kushtakiwa na mtu yeyote. Wanaoitetea husema Novemba itazileta siasa za vyama ndani ya madarasa. Hofu hiyo ilikuwa na maana mwaka 1897, walipokuwapo wajumbe wa bodi waliouza nafasi za ualimu. Leo inalindwa kwa gharama ya kuwaacha nje wazazi wa watoto wenyewe, na gharama hiyo ni kubwa kupita faida yake. Bunge la Missouri lina uwezo wa kuhamishia uchaguzi wa bodi za shule siku ambayo watu wengi tayari wako vituoni, na linapaswa kufanya hivyo bila kungoja mahakama ilazimishe.